Wapiga Kura wa Kabaka Yekka Walikwenda Wapi?

Katika kipindi kimoja cha mwaka wa pili tulikuwa tukijadili msamiati wa siasa katika Kiswahili: chama, tawi, kadi, mwanachama, kuhama chama, kuvuka upande. Mwanafunzi mmoja kutoka Masaka akanyosha mkono, akauliza: "Mwalimu, chama kikifa, mwanachama wake anaitwa nani?" Darasa likacheka. Mimi sikuwa na neno la kumpa, nikajaribu kumjibu kwa historia, na kengele ikalia kabla sijafika mbali. Makala haya ni jaribio la kumalizia kipindi kile.

Mfano nilioanza nao darasani ni wa hapa hapa Uganda, yaani Kabaka Yekka. Jina hilo la Kiganda maana yake ni "Kabaka pekee" au "Kabaka tu". Ni chama kilichozaliwa mwaka 1961, kikashinda karibu kila mahali Buganda mwaka 1962, na baada ya Mei 1966 kikawa hakipo tena. Viongozi wake tunaweza kuwafuata mmoja mmoja, kwa kuwa majina yao yamo katika kumbukumbu za bunge na mahakama. Lakini yale maelfu waliopiga kura walikwenda wapi? Hilo ndilo swali langu. Kabla ya kuendelea niseme kwamba nitaandika "Baganda", kama wenyewe wanavyojiita, kwa sababu neno "Waganda" katika Kiswahili cha siku hizi huweza kumaanisha raia yeyote wa Uganda, na hapa tofauti hiyo ni kubwa.

Chama kisichotaka kuitwa chama

Mwezi Machi 1961 serikali ya kikoloni iliitisha uchaguzi wa kuitayarisha nchi kwa serikali ya ndani. Lukiiko, baraza la Buganda lililoketi Mengo, likawataka watu wasijiandikishe. Hofu yao ilikuwa kwamba bunge la nchi nzima litamweka mtu mwingine juu ya Kabaka. Watu wakatii. Waliojiandikisha Buganda walikuwa wachache mno, lakini hesabu ya viti haiwahesabu waliobaki nyumbani. Chama cha Democratic Party, ambacho wote tunakijua kwa herufi zake DP, kilichukua viti 20 kati ya 21 vya Buganda kwa kura za wachache hao, na kwa viti hivyo kikapata wingi katika bunge zima. Benedicto Kiwanuka, wakili Mkatoliki aliyetokea Masaka, akawa kiongozi wa serikali, na tarehe 1 Machi 1962 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda.

Kwa wakuu wa Mengo hili lilikuwa pigo mara mbili. Kwanza, Kiwanuka alikuwa Muganda wa kawaida, si mtu wa ukoo wa kifalme wala chifu mkubwa, na sasa alikuwa amekaa juu. Pili, alikuwa Mkatoliki, wakati madaraka ya Mengo kwa miaka mingi yalikuwa mikononi mwa Waprotestanti. Wapinzani wa DP walikuwa na mzaha wao: walisema herufi hizo ni kifupi cha "Dini ya Papa". Tuone jinsi Kiswahili, lugha ambayo Buganda haikuipenda, kilivyotumika hapo kutengeneza tusi ambalo kila mtu angelielewa.

Kabaka Yekka ilianzishwa Juni 1961 kuziba ufa huo. Miongoni mwa waasisi wake alikuwa Sepiriya Masembe-Kabali. Mwanzoni hawakutaka hata kuitwa chama. Walisema vyama hugawa watu, na wao walikuwa wamekuja kuwaunganisha chini ya kiti kimoja. Msomaji akumbuke hilo, maana lina uzito katika yaliyofuata. Nguvu ya umoja huu haikutoka katika kadi na matawi. Mtu aliingia kwa kuwa Muganda na kwa kumpenda Kabaka, na machifu ndio waliokuwa mtandao wake.

Katika uchaguzi wa Lukiiko wa Februari 1962, Kabaka Yekka ilipata viti 65 kati ya 68. DP ikabaki na 3. Miezi kumi na moja tu ilikuwa imepita tangu DP ichukue karibu viti vyote vya Buganda! Hakuna aliyebadili mawazo katika muda huo. Waliokuwa wamebaki nyumbani mwaka 1961 ndio waliotoka safari hii.

Lukiiko ndiyo iliyowateua wabunge 21 wa Buganda kwenda bunge la taifa, kwa mujibu wa makubaliano yaliyofikiwa na Waingereza. Matokeo ya Aprili 1962 yakawa UPC ya Milton Obote viti 37, DP 24, Kabaka Yekka 21. UPC na Kabaka Yekka wakaungana, Kiwanuka akaondoka, Obote akawa Waziri Mkuu, na uhuru ukaja tarehe 9 Oktoba 1962. Mwaka uliofuata Kabaka Mutesa II akawa Rais wa Uganda. Ilikuwa ndoa ya ajabu, kwani UPC ilitaka serikali kuu yenye nguvu na Mengo ilitaka kinyume chake. Kilichowaleta pamoja ni mtu ambaye wote wawili hawakumtaka.

Wakubwa wanavuka, watu wanabaki

Ndoa hiyo ilivunjika Agosti 1964. Sababu kubwa ilikuwa kaunti za Buyaga na Bugangaizi, ambazo Waingereza walizikata kutoka Bunyoro na kuzipa Buganda miaka ya 1890. Obote aliitisha kura ya maoni tarehe 4 Novemba 1964, na wenyeji wa huko wakachagua kwa wingi mkubwa kurudi Bunyoro. Kabaka, akiwa Rais wa nchi, alitakiwa kuidhinisha jambo lililomkata mkono yeye mwenyewe. Mengo kukazuka ghasia, Katikkiro Michael Kintu akajiuzulu, na nafasi yake ikachukuliwa na Joash Mayanja-Nkangi, kijana msomi ambaye tutakutana naye tena.

Kabla na baada ya kura hiyo wabunge kadhaa wa Kabaka Yekka walivuka kwenda UPC. Kuna waliosema ni kwa ajili ya umoja wa taifa, na kuna waliokwenda kwa ajili ya vyeo. Hata DP haikupona: kiongozi wake bungeni, Basil Bataringaya, alivuka mwishoni mwa 1964 na baadaye akawa waziri. Huko Kenya, mwezi huo huo wa Novemba 1964, chama cha KADU kilijivunja chenyewe na viongozi wake, kina Ronald Ngala na Daniel arap Moi, wakaingia KANU. Tukiyatazama mambo haya mawili kwa mbali yanafanana. Lakini kule Kenya viongozi wa KADU waliingia na watu wao nyuma, kama mchungaji na kundi. Buganda mchungaji alivuka mto peke yake. Mbunge aliyehamia UPC alipata kiti cha mbele bungeni, na nyumbani kwake hakupata tawi la UPC lenye watu.

Mfano mzuri ni Abu Mayanja. Mwaka 1952 alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa Uganda National Congress, chama cha kwanza cha kitaifa. Baadaye akaingia Kabaka Yekka, kisha akavuka kwenda UPC. Mwaka 1968 serikali ya chama chake kipya ikamtia ndani kwa sababu ya maandishi yake katika jarida la Transition hapa Kampala, pamoja na mhariri wa jarida hilo, Rajat Neogy. Vyama vitatu, kisha jela. Mtu kama huyo ndiye historia humwandika, na ndiyo maana ni rahisi kudhani kwamba wapiga kura nao walizunguka hivyo.

Pigo la mwisho linajulikana. Tarehe 4 Februari 1966 Daudi Ocheng, katibu mkuu wa Kabaka Yekka, alisimama bungeni na hoja kuhusu dhahabu na fedha kutoka Kongo, akimtaja Idi Amin na wakubwa wa serikali. (Ocheng alikuwa Mwacholi, rafiki wa Mutesa tangu shule ya Budo. Wanaosema kwamba Kabaka Yekka ilikuwa ya kabila moja tu na basi, wamkumbuke.) Hoja ilipita, John Kakonge peke yake ndiye aliyeipinga. Kabla mwezi haujaisha Obote alikuwa amewakamata mawaziri watano na kusimamisha katiba. Aprili ikaja katiba mpya. Tarehe 20 Mei Lukiiko likaitaka serikali kuu iondoke katika ardhi ya Buganda, na tarehe 24 Mei jeshi likaongozwa na Amin kuishambulia ikulu ya Mengo. Mutesa alitoroka, akafika London, na huko akafa Novemba 1969.

Kabaka Yekka ikaisha hapo. Chama kilichojengwa juu ya kiti kilianguka kiti kilipoondolewa. Hali ya hatari ikatangazwa Buganda, katiba ya 1967 ikafuta falme zote, na Desemba 1969, baada ya Obote kupigwa risasi Lugogo na kunusurika, vyama vya upinzani vikapigwa marufuku. Askari walioingia Mengo siku ile walikuwa wa jeshi ambalo lugha yake ya amri ni Kiswahili. Sisi tunaofundisha lugha hii Buganda tunakutana na kumbukumbu hiyo mpaka leo, tena kwa watu ambao hawakuwa wamezaliwa.

Miaka kumi na minane bila sanduku

Muganda aligoma uchaguzi wa 1961. Mwaka 1962 alimchagua mjumbe wa Lukiiko, na Lukiiko ikamchagulia mbunge. Baada ya hapo hapakuwa na uchaguzi mkuu mpaka Desemba 1980. Kwa hiyo walio wengi Buganda walikuwa hawajapata kumpigia kura mbunge wao hata mara moja, na mtoto aliyezaliwa mwaka wa uhuru alikuwa tayari na miaka 18. Katika muda wote huo hakukuwa na mkutano wa chama, kadi, wala katibu wa tawi. Siasa ilihifadhiwa nyumbani, msibani na njiani kutoka kanisani au msikitini, na iliyohifadhiwa haikuwa ilani ya chama. Ilikuwa habari ya nani alifanya nini mwaka 1966.

Ushahidi tunao. Januari 1971 Amin alipompindua Obote, Kampala ilijaa shangwe. Huyu ndiye aliyeongoza jeshi Mengo, lakini watu walishangilia kuondoka kwa mwingine, na Amin alijua kuisoma hali: Aprili mwaka huo mwili wa Mutesa ulirudishwa na kuzikwa Kasubi kwa heshima zote. Kiwanuka, aliyekuwa gerezani, alifunguliwa na kuwa Jaji Mkuu. Septemba 1972 askari walimchukua katika jengo la Mahakama Kuu mchana kweupe, wala hakuonekana tena. Kwa maoni yangu kifo hicho kilifanya jambo ambalo mikutano ya hadhara isingeweza kulifanya. Mtu aliyeitwa msaliti wa Kabaka mwaka 1961 sasa alikuwa shahidi wa haki, na DP yake ilisafishwa kwa damu hiyo machoni pa watu waliokuwa wakiicheka "Dini ya Papa".

Amin alipoondolewa Aprili 1979, Profesa Yusuf Lule akawa Rais kwa siku 68. Alikuwa Muganda, na alipoondolewa watu wa Kampala waliandamana wakimtaka arudi. Walilichukulia jambo hilo kama njia ya kumsafishia barabara Obote. Uchaguzi ukapangwa kufanyika Desemba 1980.

Vyama vilivyosimama vilikuwa vinne. UPC ilikuwa ile ile ya Obote. DP iliongozwa na Paul Kawanga Ssemogerere. Uganda Patriotic Movement ilikuwa ya Yoweri Museveni. Na cha nne, Conservative Party, kiliongozwa na Mayanja-Nkangi, yule yule aliyekuwa Katikkiro siku Mengo iliposhambuliwa. Kama kura hurithiwa kama shamba, huyu ndiye aliyekuwa na hati. Alitoka Kabaka Yekka, alikuwa mtumishi wa Kabaka, na alizungumzia kurudishwa kwa falme. Hakuna aliyestahili zaidi yake.

Hakupata kiti hata kimoja. DP ilinyakua takriban viti vyote vya Buganda. Walioipa ushindi ni pamoja na Waprotestanti na Waislamu ambao mwaka 1962 walipiga kura mahsusi ili kuiondoa DP hiyo hiyo. Matokeo ya nchi nzima yaliyotangazwa yaliipa UPC wingi, baada ya Paulo Muwanga, mwenyekiti wa Tume ya Kijeshi, kutoa amri kwamba hakuna wa kutangaza matokeo bila idhini yake. Ubishi juu ya hesabu hizo haujakwisha, na sitauingilia hapa. Kuhusu Buganda hakuna mbishi.

Mayanja-Nkangi aliwaambia watu yeye ni nani, nao walimjua vizuri. Lakini walipokwenda kituoni swali lao lilikuwa nani anaweza kumzuia Obote. Chama kidogo chenye moyo wa Mengo kisingeweza. DP ilikuwa na watu Masaka, Mbarara, Acholi na kwingineko, kwa hiyo ndiyo iliyoweza. Mpiga kura wa Kabaka Yekka alikiacha chama cha mrithi, akakichagua chama cha adui wa zamani, na katika akili yake hakuwa amehama. Yeye alisimama palepale. Vyama ndivyo vilivyopita mbele yake. Kumbuka pia kwamba hata mwaka 1962 Kabaka Yekka ilishinda kama kizuizi. Kilichobadilika ni jina la anayezuiwa: kwanza Kiwanuka, sasa Obote.

Kivuli cha Obote

Baada ya 1980 njia haikupitia vituo vya kura. Februari 1981 Museveni alianza vita, na vita hivyo vikapiganwa Luwero, ndani ya Buganda. Mwaka huo huo kundi la Lule liliungana na lake, wakaunda NRM, Lule akiwa mwenyekiti. Wanakijiji waliokuwa wameipa DP kura zao wakawapa wapiganaji chakula na watoto wao, na wakauawa kwa wingi. NRM ilichukua nchi Januari 1986, na Julai 1993 Ronald Mutebi II akatawazwa Kabaka.

Ndipo ikaja zamu ya DP kushangazwa. Mei 1996 Ssemogerere alisimama kumpinga Museveni. Ili apate kura za kaskazini aliungana na watu wa UPC. Kwenye karatasi hesabu ilikuwa nzuri: Buganda ya DP ukiongeza kaskazini ya UPC. Lakini kumwomba mtu wa Luwero ampigie kura rafiki wa UPC ni kumwomba asahau kwa nini alikuwa DP. Kampeni ya upande wa pili ilitumia picha za mafuvu ya Luwero, na uvumi wa kurudi kwa Obote ukaenea. Museveni alipata karibu robo tatu ya kura nchini, na Ssemogerere akaangushwa Buganda, nyumbani kwake. Mwaka 2006, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya 1980, mgombea wa DP, Ssebaana Kizito, hakufikisha hata asilimia 2.

Watu wengi husema DP iliuawa na marufuku ya shughuli za vyama iliyodumu mpaka 2005. Marufuku iliidhoofisha, ndiyo. Lakini UPC nayo ilifungiwa vilevile, na Lango iliendelea kuwa na wafuasi wa UPC. Naona DP ya Buganda ilikufa siku iliposhikana mkono na yule ambaye watu waliitumia kumzuia.

Obote alifariki Johannesburg tarehe 10 Oktoba 2005. Sidhani ni bahati tu kwamba kura za Buganda zilianza kulegea baada ya hapo. Haikuwa mara moja. Septemba 2009 Kabaka alizuiwa kwenda Kayunga na watu zaidi ya 20 wakauawa katika ghasia, lakini mwaka 2011 Museveni bado alishinda Buganda. Mwaka 2016 Kampala na Wakiso zilimpa kura Kizza Besigye, ambaye si Muganda. Januari 2021 Robert Kyagulanyi, yaani Bobi Wine, akiwa na National Unity Platform iliyokuwa imepata jina hilo miezi michache tu kabla, aliichukua sehemu kubwa ya Buganda. Wapiga kura wengi wa mwaka huo hawakumbuki chochote cha Obote. Kuwatisha kwa jina hilo ni kama kumtisha mtoto kwa zimwi ambalo hata bibi yake amelisahau.

Mawaziri kadhaa wa NRM walipoteza viti vyao Buganda, na hata Makamu wa Rais, Edward Ssekandi, alishindwa katika jimbo la Bukoto ya Kati, upande wa Masaka. Aliyemshinda hakuwa wa chama cha Bobi Wine. Alikuwa wa DP, chama ambacho wengi tulikuwa tumeshakizika. Mwaka uliofuata, Julai 2022, rais wa DP Norbert Mao alitia saini makubaliano na NRM na kuteuliwa Waziri wa Sheria. Mkubwa amevuka tena. Nilimpelekea mwanafunzi wangu wa Masaka habari hiyo, akanijibu kwamba swali lake la istilahi bado halijajibiwa.